Nafasi Kando ya Kaburi la Babu

Tunda la mwegea likidondoka, hulisikii kwa masikio tu, unalihisi mpaka miguuni. Limening'inia juu kwa kamba yake ndefu msimu mzima, nene na zito kama mchi wa kutwangia, halafu siku kamba ikikatika hutua chini kwa kishindo kizito kisicho na mwangwi, kama mtu mzima aliyejitupa kitandani akitoka kazini. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu kule Kampala, moja lilitua hivyo nyuma yangu nikiwa njiani kwenda maktaba. Niliruka. Wenzangu walinicheka wakidhani nimeogopa, nami niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu ukweli ungekuwa mgumu kuueleza pale njiani. Ukweli ni kwamba kwa kitambo kifupi nilitaka kugeuka, nikunje goti, niseme shikamoo Babu.

Naomba mnivumilie nieleze, maana mimi si mtu wa mizimu. Wanaonijua wanajua kwamba siamini jambo mpaka nimeliuliza mara tatu, na nikiliamini huliuliza mara ya nne. Nilikuwa hivyo tangu utoto. Baba aliniita Bi Kwanini. Mama alikuwa akinituma dukani kwa Mhindi, si kwa sababu chumvi imekwisha, bali apate muda wa kusikia kimya cha nyumba yake. Aliyenivumilia ni mmoja, Bibi, mama yake Baba, na hata yeye hakunivumilia kwa upole. Alinivumilia kwa kunijibu.

Sisi ni Wajaluo wa upande wa Shirati, lakini mimi nilizaliwa Mwanza na Baba alikulia hapo. Nyumba yetu ilikuwa chini ya majabali, karibu na ziwa kiasi kwamba asubuhi uliweza kujua kwa pua, kabla ya kufungua macho, kama wavuvi wamepata au wamekosa. Bibi aliuza samaki wakavu. Aliwaanika furu na dagaa nyuma ya jiko letu, juu ya jabali pana lenye mgongo kama wa kiboko, ambalo lilipata joto mapema na kulitunza hadi jioni. Harufu ya samaki wale iliingia katika nguo zetu, katika madaftari yangu, hata katika sala. Kabula, rafiki yangu wa Kisukuma tuliyeketi dawati moja, alikuwa akisema kwamba nikisimama kujibu swali darasani, paka wa misheni huja dirishani kusikiliza.

Bibi hakuniita kwa jina langu. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, kwa hoja kwamba mume wake ni mume wangu pia. Mume wetu huyo sikuwahi kumwona. Babu Owino alikufa zamani, katika miaka ya mwanzo ya Waingereza, Baba akiwa mtoto anayeng'oka meno ya utoto. Kazi yake ilikuwa kutia kuni katika tanuri la meli. Siku moja alitumwa na mwenzake kwa mtumbwi kwenda kuchukua kuni visiwani, upepo wa ghafla ukawapindua. Hilo lilijulikana na kila mtu. Kaburi lake nalo lilijulikana. Lilikuwa mlimani, katika makaburi ya zamani ya misheni, lenye msalaba wa mti na mawe laini ya ziwani yaliyopangwa kulizunguka. Kila mwaka kabla ya mvua Bibi alipanda na jembe lake kulipalilia, nami nikamfuata. Nilikunja goti mbele ya msalaba nikasema shikamoo Babu, na Bibi akamjibia bila kuinua kichwa, "Marahaba, mke mdogo."

Upande wa kushoto wa kaburi lile kulikuwa na nafasi tupu, ya mtu mmoja. Bibi aliipalilia kwa bidii kuliko kaburi lenyewe. Mtu akipita juu yake, hata kama ni mwombolezaji wa watu wengine mwenye machozi machoni, alimwambia azunguke. "Hapo ni chumbani kwangu," alisema. Sikumjua Bibi kuwa na jambo jingine alilolitaka kwa nafsi yake hapa duniani. Hakutaka kanga mpya, hakutaka nyumba ya bati. Alitaka kipande kile cha ardhi, kilichotazama ziwa.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, vita vya Hitler vikiwa vimekwisha na askari wakirudi makwao na makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu, mwalimu wetu Fabiano alipata wazo. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye chaki hadi kwenye nyusi, aliyeudhiwa na kitabu cha historia tulichopewa. Kitabu kile kilianza na Wazungu wakitafuta chanzo cha mto Naili na kikaishia na Wazungu wakikipata.

"Na ninyi mlikuwa wapi?" alituuliza, kana kwamba tulichelewa kwa makusudi.

Akasema historia ya mji wetu imelala mlimani juu ya shule, na Ijumaa ya wiki inayofuata tutapanda kuisoma. Kila mwanafunzi achague kaburi moja, aulize nyumbani au kwa majirani, kisha asimame mbele yake aseme nani amelala pale, alifanya kazi gani na alikufaje.

"Mwalimu," nikasema, "na tukikuta watu wanasema tofauti?"

"Hapo ndipo historia inapoanza, Akinyi. Kaa chini."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka chuo kikuu. Wakati ule yaliniletea taabu tu.

Nilichagua kaburi la Babu, jina langu likaandikwa, na jioni ile ile nikamwendea Bibi. Nilitaka kujua Babu alipatikanaje, kwa sababu nilikuwa nimeliona ziwa letu likichukua watu, na si wote waliorudi. Bibi akasema alipatikana ng'ambo, upande wa Kamanga. Vizuri. Baada ya siku mbili, nikimsaidia kuwageuza furu juu ya jabali, nikamuuliza ni nani aliyempata, akasema ni wavuvi wa Ukerewe. Nikasema Kamanga na Ukerewe si mahali pamoja. Akasema maji hutembea. Nikauliza kama wavuvi nao walitembea. Bibi alinitazama kwa jicho moja, jingine akiwa amelifumba kwa ajili ya jua.

"Mke mwenzangu," akasema, "wewe ukiolewa, mume atarudi kwa mama yake."

Ungekuwa mchezo wetu wa kila siku kama si tangazo la Jumapili. Padri, Mzungu mwenye ndevu hadi kifuani aliyesema Kiswahili kama kilivyoandikwa vitabuni, alitangaza kwamba makaburi ya zamani yamejaa. Kuanzia sasa watu watazikwa katika kiwanja kipya, ng'ambo ya reli. Watakaoruhusiwa kuzikwa mlimani ni wajane tu ambao wenzi wao wamelala kule, na nafasi zao zitawekewa alama mapema. Kisha sauti yake ikapanda. Alikuwa amesikia kwamba baadhi ya Wakristo hufukia ardhini vitu visivyo watu, matunda na migomba, wakavililia kama watu. Kaburi la namna hiyo, akasema, si kaburi. Msalaba wake utang'olewa na nafasi yake atapewa mwingine. Kazi ya kukagua alimpa katekista wetu, Mzee Aloisi, ambaye ndiye aliyeyatunza makaburi yale tangu ujana wake.

Watu waliguna kidogo. Mimi nilikuwa nimeketi na Bibi upande wa wanawake, mkono wake ukiwa juu ya goti langu kunizuia nisitikise miguu. Nilitazama chini nikaona vidole vyake vimelishika gauni langu kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi.

Kesho yake, tulipokuwa peke yetu kule jabalini, nilimuuliza bila kuzunguka.

"Bibi, Babu yumo mle?"

Alimaliza kwanza kugeuza safu nzima ya samaki. Alikuwa na namna ya kuwageuza kwa kidole gumba, mmoja mmoja, haraka, kama mtu anayefunua kurasa. Halafu akaketi.

Babu yangu, akasema, hakupatikana. Walimtafuta mpaka watafutaji wakaanza kuogopa kupotea wenyewe. Na kwa watu wetu, mtu aliyechukuliwa na maji au aliyepotelea vitani haachwi hivyo hivyo nje, bila mahali. Hutafutwa tunda la mwegea, likavikwa nguo, likalazwa ndani ya nyumba, watu wakalilia, kisha likazikwa kwa jina lake. Hapo mtu amezikwa. Nilipomuuliza kama maana yake ni kana kwamba amezikwa, alikasirika. Hakuna kana kwamba, alisema. Amezikwa. Wajaluo wote wa mjini walijua, wala kwao haikuwa siri. Kanisani tu ndiko walikoambiwa kwamba Owino amepatikana, ila maji yamemharibu, na kwa hiyo wanawake wamekwisha kumfunga katika mkeka.

Mimi nilikuwa nimekaa na furu mkononi, nimesahau kumweka chini.

"Tunda ulilichagua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kulikuwa na kubwa zaidi, nikaliacha. Babu yako alikuwa mfupi."

"Na lenyewe lilijuaje kwamba ni Babu?"

"Nililiambia."

"Likasema nini?"

"Lilinyamaza. Katika hilo halikufanana naye."

Tulicheka, yeye kwanza, mimi nikafuata, na samaki kadhaa waliteleza wakaanguka kwenye majivu. Kisha akaacha kucheka na kunishika kidevu kwa vidole vyenye magamba.

"Ijumaa utasimama mbele ya Aloisi," akasema. "Mimi sikutumi kusema uongo. Uongo wangu nimeubeba mwenyewe miaka yote hii, sikumpa mtoto anisaidie. Lakini ujue, wakisikia, mimi nitalala ng'ambo ya reli na watu nisiowajua, na mume wetu atabaki peke yake bila hata msalaba."

Ninyi mnaosoma mkiwa watu wazima huenda mnaona ni jambo dogo. Mlikwisha zoea. Mimi nilikuwa katika umri ambao nilidhani uongo ni jibu linalofunga mlango, na nilichukia milango iliyofungwa. Nilifikiria kujifanya nina homa. Nilifikiria kubadili kaburi, lakini Mwalimu Fabiano alikuwa amekwisha nisifu mbele ya darasa kwa kuchagua mtu wa kwetu. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliomba mvua. Asubuhi jua lilitoka safi kama sahani.

Njia ya kwenda makaburini ilipanda kati ya majabali, na pimbi waliokuwa wakiota jua walitutazama tukipita wakiwa wamekunja mikono kama wazee wa baraza. Ndani ya ua wa minyaa majani yalikuwa yamefyekwa. Nilikuwa nimefika pale mara nyingi na Bibi, lakini sikuwahi kupaona kama Mwalimu alivyotuonyesha siku ile. Alituambia tusome kwa safu. Juu kabisa walilala Wajerumani, chini ya misalaba ya chuma yenye herufi zenye miiba. Wakafuata masista wa mwanzo, waliokufa kwa homa hata kabla hawajajifunza kuhesabu kwa Kiswahili. Kulikuwa na Mgoa aliyekuwa karani wa forodha, na mke wake kando, kaburi lake limepambwa kwa makombe ya konokono wa ziwani. Kulikuwa na askari. Na chini, kuelekea ziwa, walikuwa watu wetu, wengi wao bila jina, vilima tu vya udongo, virefu na vifupi. Vifupi vilikuwa vingi.

Mzee Aloisi alitufuata kwa nyuma. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mfupi, mwenye koti la kaki alilolivaa hata kwenye jua kali, na mkononi alikuwa na kikapu cha vigingi vilivyopakwa chokaa. Ndivyo alivyokuwa akikagua: akitosheka na kaburi la mume au la mke, alipiga kigingi kimoja kwenye nafasi ya kando. Nilivihesabu vigingi vile kwa macho kama mtu mwenye njaa anavyohesabu vipande vya muhogo vilivyobaki sahanini.

Wenzangu walisema yao. Mvulana mmoja alieleza kwamba Mjerumani wake alikufa kwa sababu ya kuvaa viatu usiku na mchana. Kabula alisimama mbele ya kaburi la sista mmoja akasema kwa uhakika kabisa kwamba ndiye aliyeleta vitunguu Mwanza.

"Una ushahidi gani?" Mwalimu akauliza.

"Bibi yangu anasema kabla yake mchuzi ulikuwa haunukii."

"Huo ni ushahidi wa mchuzi, Kabula." Lakini niliona amefurahi.

Ikafika zamu yangu. Nilisimama kando ya mawe ya ziwani, miguu yangu ikiepa nafasi ya Bibi kwa mazoea. Nilikuwa nimeamua kusema yale tu ambayo hayakuwa na mashaka. Nilisema huyu ni Owino, baba yake baba yangu. Alitia kuni katika tanuri la meli. Alikuwa mfupi na mbishi. Alipenda kichwa cha samaki kuliko mwili wake, na alibishana hata na nahodha kuhusu upepo. Alizama ziwani akifuata kuni za meli, akamwacha mke na mtoto mmoja. Yote yalikuwa kweli. Nilianza kupumua.

Kabula akanyoosha mkono. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa rafiki yangu tu, na ameketi na mimi muda mrefu.

"Kama alizama, walimtoaje?"

"Swali zuri," akasema Mwalimu Fabiano, uso wake ukang'aa. "Akinyi, ni nani waliompata?"

"Sikuwepo, Mwalimu."

Darasa likacheka.

"Tunajua hukuwepo. Uliuliza?"

"Niliuliza. Watu wanasema tofauti."

"Basi tumuulize aliyekuwepo." Akamgeukia katekista. "Mzee, si wewe uliyemzika?"

Hapo ndipo nilipomwona Bibi. Alikuwa amesimama kwenye uwazi wa ua wa minyaa, jembe begani, amejifunga kanga yake ya kanisani. Alikuwa amesema nyumbani kwamba anakwenda sokoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini, lakini kwa jinsi alivyolishika lile jembe nilijua amesikia.

Mzee Aloisi akaweka kikapu chini. "Ni mimi," akasema. "Padri alikuwa safarini."

"Ulimwona sura?"

"Alikuwa ndani ya mkeka. Amefungwa tayari."

Kabula, aliyekuwa sasa amekolea, akauliza bila hata kunyoosha mkono, "Alikuwa mzito?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuuliza mimi, na nilimchukia kwa sababu hiyo. Mzee Aloisi alitazama lile kaburi. Kisha akatazama kwenye ua, kwa Bibi, na akakaa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mimi nilishika upande wa kichwani," akasema taratibu. "Mtu mwingine mmoja alishika miguuni. Tulipanda naye kutoka kule chini ziwani mpaka hapa, na hatukupumzika njiani."

Tulikuwa tumetoka kuipanda njia ile wenyewe, tumebeba madaftari tu, na tulikuwa bado tunahema. Hata mtoto aliweza kujua kwamba watu wawili hawampandishi mtu mzima mlima ule bila kumtua mahali. Pimbi mmoja alilia juu ya jabali, akajibiwa na mwingine.

"Alikuwa mzito wa kutosha," akasema Mzee Aloisi. "Nani anafuata?"

Aliyefuata alikuwa mvulana wa Igogo na askari wake, lakini sikusikia neno lake hata moja. Mzee Aloisi alikuwa amechukua kigingi kutoka kikapuni na kumwita Bibi kwa jina la Baba.

"Mama Ouma, karibu. Umekuja kupalilia?"

"Nimekuja."

"Palilia hapo kando ya mzee basi, nipige kigingi. Pako pameota majani."

"Hapajawahi kuota majani hapo," Bibi akasema, akiingia, "tangu hujaanza kuota mvi."

"Basi sogea tu, mama. Nisikupige mguu."

Akakipiga kwa jiwe, mapigo machache, mpaka kikasimama cheupe upande wa kushoto wa Babu. Bibi alisimama anakitazama. Hakushukuru, wala hakulia. Aliinama akang'oa jani moja lisilokuwepo, akapanguza mikono yake, akaniambia nifunge vizuri mkanda wa gauni, naaibisha watu.

Miaka mingi nilisimulia habari hii kama kichekesho. Chuoni nilikuwa nayo tayari kila tulipobishana juu ya dini na mila, na niliisimulia vizuri: jinsi kanisa zima lilivyodanganywa na mwanamke muuza samaki, na jinsi katekista alivyogundua mbele ya watoto kwamba amelisomea tunda sala ya wafu, akaona heri anyamaze kuliko kuchekwa. Watu walicheka. Niliona nimewaeleza jambo kuhusu ukweli.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wangu wa mwisho. Meli kutoka Kampala haikunifikisha mapema, nikakuta amekwisha zikwa, mlimani, kwenye nafasi yake, udongo wake bado mwekundu karibu na ule wa Babu uliokwisha kuwa wa kijivu. Tulikaa pale na Baba. Nikamwambia, kwa kutaka tu kumchekesha, kile kisa cha Kabula na uzito wa Babu. Baba hakucheka. Aliniuliza kama Bibi aliwahi kunieleza kwa nini walimzika Babu Mwanza na si Shirati. Nikatambua kwamba hilo, katika maswali yangu yote, sikuwahi kuliuliza.

Baba akanieleza kwamba habari ya msiba ilipofika Shirati, kaka zake Babu waliingia mtumbwini. Walikuwa wanakuja kumchukua mjane, mtoto wake, na tunda pia, ili likazikwe nyumbani kama inavyotakiwa. Na mjane huko nyumbani angerithiwa na kaka mkubwa, ambaye tayari alikuwa na wake watatu na mkono mwepesi wa kupiga. Hakuna ambaye angemuuliza anataka nini. Bibi alijua jambo moja tu la kumsaidia: kaburi likishafukiwa halifukuliwi, na mwanamke ana haki ya kukaa lilipo kaburi la mume wake. Kwa hiyo hakungoja. Alilitafuta tunda mwenyewe, akalivika shati la Babu, akalipeleka mlimani. Shemeji zake walipofika walikuta kilima cha udongo na msalaba. Walilia juu yake, wakala, wakagomba, wakarudi kwao. Baba akabaki Mwanza, mwendo mfupi kutoka shuleni.

Mimi nilikuwa nimeshughulika miaka yote hiyo na aliyekuwa chini ya ardhi. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyesalia juu yake, na kwa ajili ya nani.

Kabla ya kurudi chuoni nilikwenda kumwona Mzee Aloisi. Alikuwa amezeeka sana, macho yake yameingia ukungu, amekaa mlangoni pake anachambua maharage kwa kupapasa. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani, nikamuuliza ni lini hasa alipojua kwamba Babu yangu ni tunda. Ni siku ile ya watoto, au kabla?

"Binti," akasema, "mimi nimezaliwa kisiwani. Unadhani ndilo tunda la kwanza kulishika?"

"Basi kwa nini ulilisomea sala?"

Alitupa ganda moja la maharage upande, akatafuta jingine.

"Bibi yako alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa kabisa, miguu inaning'inia. Hakutaka kumtua. Na ule mtumbwi wa shemeji zake ulikuwa umekwisha onekana kwenye majabali, unaingia. Padri alikuwa amenifundisha sala ndefu ya wakubwa. Mimi nikasoma ile fupi, ya watoto wachanga. Na hiyo nayo niliisoma mbio."

Nilikaa naye nikamsaidia kuchambua yale maharage mpaka yakaisha. Nilikuwa nimefundishwa vizuri chuoni kuchunguza kila habari na kila aliyeileta, na ninaendelea kufanya hivyo, sioni haya. Lakini ninajua kwamba nisingekuwa na chuo, wala Mwanza, wala pengine mimi mwenyewe, kama siku ile kule mlimani yule kijana wa kanisa angekuwa mtu wa maswali kama mimi.